Walivyovipokea vitabu vya marehemu baba

Mwezi wa Machi nilipeleka katoni 11 za vitabu vya marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na mkazi wa Makongeni hadi alipostaafu, katika jumba dogo la makumbusho ya historia hapa Nairobi. Nilikwenda kwa wasiwasi, kwa kuwa vitabu vya ami yangu, vilivyopokelewa na taasisi nyingine kwa shukrani nyingi, tulivikuta baadaye kwa wauza vitabu wa inama, wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, jina lake likiwa bado limeandikwa ndani ya jalada.

Hapa mambo yalikuwa tofauti. Kabla ya kutoa kitabu chochote, mkutubi alipiga picha kila katoni na kuipa nambari, akanieleza kwamba jinsi mwenyewe alivyoviweka vitabu vyake ni sehemu ya historia yake, na kwamba kuvigawa kwa masomo, ambapo historia ya Kenya huwekwa chini ya 967.62 katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu maktabani, kungefuata baadaye. Vyenye ukungu vilitengwa mara moja, na vumbi likapanguswa kwa brashi laini kitabu kikiwa kimefumbwa.

Katika kijitabu cha kanuni za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kijana aliyejitolea alikuta tikiti ya treni ya kwenda Kisumu. Nilinyoosha mkono kuichukua. “Mama, samahani,” akaniambia, “ilikuwa ukurasa wa 46, tusiitenganishe na kitabu chake.” Aliandika nambari ya ukurasa kwa penseli juu ya bahasha, ndipo akaitia tikiti ndani. Sikuwahi kujua kwamba baba aliitunza.

Vitabu vya kiada na nakala za ziada walivikataa waziwazi, wakaniuliza kwanza kama ningependa kuvirudisha nyumbani au vipelekwe shuleni. Uwazi huo naupongeza kwa dhati.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Siku ile nilipewa kikaratasi kilichosema tu “katoni 11 za vitabu”, na orodha kamili niliyoahidiwa baada ya mwezi mmoja ilichukua miezi minne. Fomu ya kukabidhi nayo haikutaja hatima ya kitabu ambacho makumbusho yatakiondoa siku za usoni, hata ikabidi niombe sharti hilo liongezwe kwa mkono. Katika jiji ambalo Nyaraka za Taifa zinahifadhi mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, wenye vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900, familia isiyo na jina kubwa nayo inastahili hati iliyokamilika siku ileile ya kukabidhi.

Orodha ilipofika ilikuwa na vitabu 214, na mbele ya kile kijitabu cha reli palikuwa pameandikwa: tikiti moja, ukurasa wa 46.