Uzoefu wangu na saa ya mkononi yenye altimita

Ukiondoa ramani, hakuna kifaa ninachokithamini milimani kuliko saa ya mkononi yenye altimita, yaani kipimo cha mwinuko, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi walioinunua wamekata tamaa nayo. Malalamiko yao hufanana: jana jioni saa ilionyesha meta 2,310 kambini, leo asubuhi inaonyesha 2,338, ilhali hema halijasogezwa hata hatua moja. Wanahitimisha kwamba kifaa ni kibovu. Mimi naona saa hiyo inafanya kazi yake sawasawa, ila mwenye saa hajaelezwa ni kitu gani hasa inachokipima.

Ndani yake mna kihisi kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, kisha programu hugeuza kipimo hicho kuwa meta kwa kufuata hesabu ya angahewa ya kawaida, yaani angahewa ya mfano iliyokubaliwa kuwa kipimo. Hesabu hiyo huanzia kwenye hektopaskali 1013.25 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo wa hewa) na joto la nyuzi 15 za Selsiasi katika usawa wa bahari. Karibu na bahari, kupanda meta 8 hivi hupunguza hektopaskali 1. Kwenye meta 3,000, ambako mgandamizo umeshuka hadi kama hektopaskali 700, inambidi mtu apande meta 11 hivi ndipo apate upungufu huohuo. Na akifika meta 5,500, karibu nusu ya angahewa yote imebaki chini yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwezi Septemba 1648, Florin Périer, shemeji wa mwanasayansi Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, akakuta zebaki juu ya mlima imesimama chini zaidi kuliko ilivyokuwa bondeni. Ninachokipenda zaidi katika habari hiyo ni tahadhari aliyoichukua: aliacha mrija mwingine chini kwa watawa, ukaangaliwa siku nzima, ili ajue kama hewa ya kule nayo ilibadilika wakati yeye yuko juu. Saa ya mkononi haina mrija wa pili. Mgandamizo ukishuka kwa sababu umepanda, au ukishuka kwa sababu hali ya hewa inaharibika, kihisi huona jambo lilelile, na ni juu yako wewe uliyeivaa kutambua lipi ni lipi. Uzuri wa saa hii na udhaifu wake vyote vinatokana na hapo.

Kwa hiyo jambo linalomtenganisha anayeifaidi na anayeisusa ni kuirekebisha mara kwa mara, kila afikapo mahali ambapo mwinuko wake unajulikana kwa hakika. Mahali hapo panaweza kuwa kilele kilichoandikiwa namba kwenye ramani, ukingo wa ziwa, kivuko cha kijito, au pale ambapo njia inakata kontua, yaani mstari wa ramani unaounganisha mahali penye mwinuko mmoja, kwenye umbo la ardhi lisiloweza kukosewa. Mimi huirekebisha kabla ya kuanza safari, kisha katika kila mahali pa aina hiyo ninapopita, na siku ambayo hali ya hewa inageuka sikubali saa mbili zipite bila kufanya hivyo. Vibao vya njiani huwa navisoma kwa uangalifu, kwa kuwa baadhi vimeandikwa namba zisizolingana na ramani, na vikipingana naifuata ramani. Yupo pia anayeweza kupata mgandamizo wa usawa wa bahari kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu na kuuingiza kwenye saa. Njia hiyo ni nzuri bondeni, lakini ukiwa juu mlimani taarifa ya kituo cha mbali huwa imepitwa na wakati. Saa iliyorekebishwa hivyo hunipa tofauti ya meta 5 hadi 10 tu na ramani katika mwendo wa saa nzima unaofuata, na usahihi wa namna hiyo unatosha kabisa kwa mtembezi.

Manufaa yake huonekana hasa kwenye ukungu. Safari moja tulikuwa tunapanda kandokando ya mgongo wa mlima, na ramani ilionyesha kwamba njia ya kwenda kwenye kibanda cha kulala inachepuka kushoto kwenye meta 2,870. Mahali pa mwisho tulipokuwa na hakika napo ni pale njia ilipovuka kijito, meta 2,640, na hapo hapo, tukiwa tumesimama juu ya mawe ya kivuko, niliiweka saa kwenye namba hiyo. Baada ya hapo ukungu ulishuka hata tukawa tunaona hatua chache tu mbele yetu. Tulikubaliana mambo mawili kabla ya kuendelea: kuanzia meta 2,850 tungetembea polepole tukikagua ukingo wa kushoto wa njia, na saa ikifika 2,890 bila ya sisi kuona chochote, tungerudi chini badala ya kuendelea kubahatisha. Ilipoonyesha 2,866, mwenzangu aliona rundo dogo la mawe lililokuwa limefunikwa na nyasi, na nyuma yake njia nyembamba ikielekea kushoto. Bila ya namba ile tungepita tu, kwa sababu njia kubwa iliendelea kupanda moja kwa moja kana kwamba hakuna makutano yoyote.

Sababu ya mafanikio hayo ni rahisi. Njia unayoikanyaga ni mstari mmoja kwenye ramani, kontua ya mwinuko uliosomwa ni mstari wa pili, na pale mistari hiyo inapokatana ndipo ulipo. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo makutano hayo yanavyokuwa dhahiri. Kwenye uwanda wa juu ulio tambarare msaada huo hutoweka, kwa kuwa unaweza kutembea kilomita nzima bila mwinuko kubadilika, na hapo dira ndiyo hushika uongozi.

Usiku kambini kazi ya saa hugeuka. Mwinuko wa hema haubadiliki, hivyo kila meta inayoongezeka au kupungua ni habari ya hewa yenyewe. Zile meta 28 zinazowakasirisha wanunuzi zina maana kwamba mgandamizo umeshuka kwa karibu hektopaskali 3 wakati wao wamelala, na hiyo ni habari ya thamani kwa mtu anayekusudia kwenda kileleni alfajiri. Hata hivyo, si kila mabadiliko ni dalili ya dhoruba. Katika nchi za tropiki, hewa ina kupwa na kujaa kwake kila siku, hata mbingu zikiwa safi: mgandamizo hufika juu kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, ukashuka chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti ya hektopaskali 2 au 3 kati ya nyakati hizo ni ya kawaida, na kwenye skrini huonekana kama meta 20 hivi au zaidi. Mtu aliyelala saa nne usiku na kuamka saa kumi alfajiri ataona saa yake imepanda, na hilo peke yake halimwambii lolote. Ndiyo maana mimi hulinganisha usomaji wa wakati uleule kwa siku mbili zinazofuatana, na ninaanza kuwa na wasiwasi pale tu ninapoona ongezeko linaendelea wakati ambapo kwa desturi lingepaswa kupungua.

Kosa lingine, ambalo miongozo ya watengenezaji huligusa kwa mstari mmoja au haligusi kabisa, ni la joto. Hesabu ya angahewa ya kawaida inadhani kwamba joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila meta 1,000, hivyo kwenye meta 2,000 inatarajia nyuzi 2. Hewa halisi ikiwa na nyuzi 12, huwa imetanuka, na mgandamizo hupungua taratibu zaidi kuliko hesabu inavyotaka. Matokeo yake ni kwamba ukipanda meta 1,000 halisi, saa itakuonyesha pungufu kwa meta 35 hadi 40. Kwenye hewa baridi kuliko kawaida mambo hugeuka, nayo saa huzidisha. Wengi hudhani kwamba maneno “imerekebishwa kwa joto” kwenye boksi yanaliondoa tatizo hili, lakini maneno hayo huhusu joto la kihisi chenyewe, si la hewa yote iliyoko kati ya bonde na kilele. Dawa ni ileile ya kurekebisha njiani, kwa kuwa kosa hukua kulingana na kimo ulichopanda tangu mara ya mwisho.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nihangaike na haya yote wakati saa za leo zinapokea mawimbi ya setilaiti. Nimezitumia pia, na ninaziheshimu, lakini kwa kimo pekee setilaiti si hodari kama zilivyo kwa mahali. Setilaiti zote zinazoonekana ziko juu yetu, hakuna hata moja chini ya miguu, kwa hiyo kosa la wima kwa kawaida huzidi kosa la mlalo, pengine hata mara mbili. Tena vipimo hivyo huanzia kwenye umbo la kihisabati la dunia, ambalo sehemu nyingine hupishana na usawa wa bahari kwa makumi ya meta, na kusini mwa India kwa meta 100 hivi. Saa iliyotengenezwa vizuri hulisahihisha jambo hilo yenyewe. Mpangilio unaonifaa ni ule wa saa inayotumia kihisi cha hewa kwa kila hatua na setilaiti kwa kukisahihisha taratibu. Hata hivyo, ndani ya korongo jembamba, ambako mawimbi hugonga kuta za mwamba kabla ya kufika mkononi, huwa nalizima sahihisho hilo la moja kwa moja na kuiamini ramani.

Yapo mambo madogo ya matumizi yanayostahili kusemwa. Hewa hukifikia kihisi kupitia vitundu vidogo ubavuni mwa saa, na vitundu hivyo vikizibwa na jasho, vumbi au mafuta ya kujikinga na jua, namba huganda au huruka ovyo. Huwa navisafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha nasuuza na kuacha saa ikauke; kuchokoa kwa sindano ni kukiharibu kihisi. Upepo mkali nao huyumbisha usomaji, hivyo huwa nageukia upande mwingine au kuifunika saa kwa mkono wa koti kabla ya kusoma. Kipimajoto cha saa hakina maana ikiwa mkononi, kwa sababu kinapashwa na mwili. Ukiivua na kuiacha kivulini kwa nusu saa, kinasema kweli. Ndani ya ndege, saa huonyesha mwinuko wa hewa ya chumba cha abiria, ambao mara nyingi huwa kati ya meta 1,800 na 2,400, na wala si kimo ambacho ndege inaruka.

Linaloniudhi katika saa nyingi ni hali ya kujiamulia. Saa hutazama kasi ya mabadiliko ya mgandamizo, ikiamua yenyewe kama umepanda au hewa imegeuka, na ukitembea polepole sana, kama inavyokuwa kwenye vimo vya juu, huweza kudhani kwamba umesimama. Hapo mwinuko hubaki palepale huku ukiendelea kupanda. Kwa ajili hiyo naifunga kwenye altimita nikiwa njiani, ili kila badiliko lihesabiwe kuwa mwinuko, na kwenye baromita, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, mara tu ninapotua mzigo kambini. Jumla ya meta ulizopanda kwa siku nayo si ya kuaminiwa sana, kwani kila mtengenezaji ana namna yake ya kuchuja mitikisiko midogo, na watu wawili waliotembea pamoja huweza kupata hesabu tofauti kabisa.

Kasi ya kupanda, kwa upande mwingine, naitegemea mno. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alipendekeza kuongeza, juu ya muda wa kutembea tambarare, saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, ambazo ni kama meta 600; mwendo wangu nikiwa na mzigo ni wa chini ya hapo, na saa hunionyesha hilo bila kunionea haya, nami nikapanga muda wa kurudi ipasavyo. Kwenye milima mirefu, ambako wataalamu hushauri kwamba ukishavuka meta 3,000 usiongeze zaidi ya meta 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja, namba iliyoko mkononi hukata ubishi wote kuhusu wapi tupige kambi.

Kwa anayekusudia kununua, ningemshauri ahakikishe kwamba saa ina kihisi cha mgandamizo chenyewe, kwa sababu baadhi huitwa za altimita ilhali hutegemea setilaiti tu. Avae glovu na ajaribu kubadilisha mwinuko kwa vitufe. Ikihitaji kupita kurasa nyingi za menyu, kwenye baridi hataifanya kazi hiyo kamwe. Tena asome mwongozo kabla ya kulipa, na kama haueleze jinsi ya kuifunga kwenye hali ya altimita, basi atafute nyingine.