Huduma za uoni hafifu kwa wazee: mwalimu wa nyumbani nampa 5/5, ofisi nawapa 2/5

Nimemfuatilia mama kwenye hizi huduma za umma za wazee waliopungukiwa macho na naandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi hawajui hata kama zipo, wanadhani mzee akishaambiwa na daktari kwamba hakuna dawa wala operesheni ya kurudisha macho ndo basi tena, akae kwenye kiti ashikwe mkono mpaka chooni. Sio hivyo kabisa jamani.

Mama retina yake, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imechoka sehemu ya katikati, ule ugonjwa wa uzeeni. Akikutazama usoni anaona doa ila pembeni anaona, ndo maana anaweza kuokota sindano sakafuni halafu asikutambue ukimsalimia, na kuna ndugu walikuwa wanasema anajifanya, iliniuma sana. Glakoma, ile wengi wanaita presha ya macho, kwa kawaida ni kinyume, inaanza kula pembeni na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Mtoto wa jicho ni habari nyingine, unatolewa kwa operesheni na mtu anaona tena, kwa hiyo kwanza hakikisheni mzee kapimwa vizuri.

Sasa huduma yenyewe. Kilichotusaidia kuliko vyote ni yule mwalimu aliyekuja nyumbani. Hakutoa kifaa chochote mwanzoni, alimuuliza tu mama nini kinakusumbua zaidi bibi, mama akasema nataka nijimiminie kinywaji cha moto bila kuungua. Wakaanzia hapo. Maziwa kwenye kikombe cheusi, kahawa kwenye kikombe cheupe, na kakifaa kadogo kananing'inizwa ukingoni mwa kikombe kanalia kinywaji kikikaribia kujaa. Akabandika vidoti vya kugusa kwenye swichi za jiko, utepe wa rangi kali kwenye kingo za ngazi, taa akaihamisha ikatokea begani badala ya kumpiga usoni. Alitueleza kuwa retina ya mtu wa miaka 60 inapata takriban theluthi tu ya mwanga unaofika kwa kijana wa miaka 20, na kweli taa peke yake ilibadilisha mambo mengi. Akamfundisha pia kutazama kwa pembeni ya jicho, yaani uangalie juu kidogo ya uso wa mtu ndo uso uonekane, inachosha mwanzoni ila inawezekana. Na sisi tukafundishwa kuongoza: usimvute mzee mkono, yeye ndo akushike juu ya kiwiko, wewe utangulie nusu hatua, mkifika ngazi simama umwambie kama ni za kupanda au kushuka.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu mimi linatosha kuipa huduma sifa zote. Mama alikuwa anaona watu wadogo wamevaa nguo za rangi wamesimama ukutani na hakumwambia mtu, aliogopa tutasema amechanganyikiwa. Mwalimu ndo aliuliza mwenyewe, taratibu, je huwa unaona vitu ambavyo havipo? Mama akalia. Kumbe inajulikana tangu 1760, Mswisi Charles Bonnet aliandika kuhusu babu yake mwenyewe aliyekuwa hivyohivyo, ubongo ukikosa picha kutoka machoni unajitengenezea zake. Daktari bado aambiwe ili sababu nyingine ziangaliwe, lakini hofu ile ilivyomtoka mama siku ile, sijui nishukuru vipi.

Vifaa 4/5. Lenzi za kukuzia wanakuazima ujaribu kabla hujachagua, na hilo ni muhimu maana lenzi kadiri ilivyo kali ndivyo unavyoona eneo dogo na unavyolazimika kuisogeza karibu zaidi, kubwa sio lazima iwe bora. Vitabu vya kusikiliza vipo. Mafunzo ya simu hapana, VoiceOver na TalkBack, yaani programu zinazokusomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo cha simu, tayari zimo ndani ya simu bila kulipia ila walifundisha kwa kundi na haraka mno, mzee mkono unatetemeka anaambiwa gonga mara mbili tayari wenzake wameshasonga.

Ofisi ndo tatizo. Unamtumiaje mtu wa uoni hafifu barua ya herufi ndogo za kijivu? Ukipiga simu sauti ya mashine inataja namba chungu nzima kwa kasi. Foleni ndefu. Mafunzo yakiisha wanafunga faili wakati macho yanaendelea kubadilika. Na kubwa kuliko yote, kule kliniki ya macho hakuna aliyetuambia kama huduma hii ipo, mama alirudi nyumbani na neno hakuna cha kufanya, miezi yote ile alikaa gizani bure wakati mtu wa kumfundisha yupo.

Kwa hiyo mkiwa na mzee, ombeni rufaa ya huduma za uoni hafifu kwa daktari wenyewe msisubiri mpewe, na msingoje mpaka awe haoni kabisa kwa sababu mafunzo yanaingia vizuri zaidi macho yakiwa bado yapo kidogo. Waambieni mapema mnataka barua za herufi kubwa au mpigiwe simu, waandike kwenye faili. Faili likifungwa na hali ikabadilika dai lifunguliwe. Na mwalimu akija mwacheni mzee ajibu maswali mwenyewe, mama angekuwa na sisi tunamjibia lile la watu wa ukutani asingelisema.