Uzoefu wangu: siku tatu Rutland na watoto wawili na bibi yao

Tunaishi Leicester, na kwa miaka kadhaa kila likizo ya shule ilikuwa inatupeleka mbali: London, Blackpool, au pwani ya Wales, ambako nusu ya siku huishia barabarani na nusu nyingine huishia kwenye foleni. Mwaka huu mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu kukaa garini muda mrefu, tuliamua kujaribu Rutland, kaunti ndogo iliyo jirani kabisa na yetu. Tumekwenda huko siku tatu tofauti kati ya Mei na Julai, na ninaandika haya kwa ajili ya familia zinazofikiria kufanya hivyo.

Rutland ndiyo kaunti ya kihistoria iliyo ndogo kuliko zote Uingereza. Ina miji miwili tu, Oakham na Uppingham, na vijiji vingi vya nyumba za mawe ya rangi ya asali. Mwaka 1974 serikali iliiunganisha na Leicestershire, na wenyeji hawakuridhika mpaka walipopata tena halmashauri yao mwaka 1997. Udogo huo ndio uliotufaa. Treni kutoka Leicester hufika Oakham kwa muda wa nusu saa hivi bila kubadilisha, na tangu tuliposhuka stesheni hapakuwa na mahali palipotugharimu zaidi ya nusu saa nyingine kupafikia. Mtoto wa miaka minne hana subira ya kilomita mia mbili, lakini subira ya nusu saa anayo.

Siku ya kwanza tulianzia Oakham, kwenye ukumbi mkubwa wa ngome uliojengwa karne ya 12. Kiingilio ni bure, na ndani yake kuna jambo ambalo sijaliona kwingine: kuta zote zimejaa vyuma vya kwato za farasi, zaidi ya 200, vingine vikubwa kuliko mtoto. Kwa desturi ya zamani, kila mtu mwenye cheo cha lodi anayepita Oakham kwa mara ya kwanza hudaiwa chuma kimoja. Cha zamani zaidi kilichobaki kinahusishwa na Mfalme Edward IV, na hata Malkia Elizabeth II alitoa chake. Vyote vimetundikwa ncha zikiangalia chini, kwa sababu wenyeji husimulia kwamba shetani asingepata bonde la kukalia. Binti yangu wa miaka tisa alianza kuvihesabu, akapotea kwenye hesabu mara mbili, akaanza upya, na sisi wakubwa tukapata karibu saa nzima ya kukaa kitako na kutazama kazi ya mafundi waliochonga zile nguzo.

Hata hivyo moyo wa kaunti ni bwawa la Rutland Water, lililotengenezwa katika miaka ya 1970 kwa kuziba bonde la mto Gwash kwa tuta lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Maji yalipopanda, kijiji cha Nether Hambleton kilitoweka, na kile cha juu, Upper Hambleton, kikabaki kwenye rasi iliyozungukwa na maji pande tatu. Kanisa la Normanton lingezama pia, lakini watu walilipigania, basi sehemu yake ya chini ikajazwa mawe na zege na njia ya mawe ikajengwa kulifikia. Leo ukilitazama kutoka ufukweni unaona nusu ya juu tu ya jengo, madirisha yake yakiwa karibu na usawa wa maji kana kwamba limeketi ndani ya bwawa.

Mama alisimama pale muda mrefu, kitenge kimemzunguka mabegani kwa sababu ya upepo. Kwao Mwanga wana bwawa linaloitwa Nyumba ya Mungu, nasi hapa tulikuwa tumemleta kuona nyumba ya Mungu iliyo ndani ya bwawa. Aliniuliza, "Mwanangu, na waliokuwa wakikaa huko chini, walihamia wapi?" Nilikuwa nimekwisha kufika pale mara moja kabla ya siku hiyo na sikuwahi kuuliza swali hilo. Siku hiyo hatukuharakisha kuondoka.

Siku ya pili ndiyo iliyotushinda kidogo. Tulikodi baiskeli ili kuzunguka bwawa, na duka tulilokodi, ambalo sitalitaja, lilitupa kigari cha mtoto cha kuvutwa nyuma ambacho mkanda wake ulikuwa haufungi. Tuligundua tukiwa tayari kuondoka, tukasubiri dakika 40 kupata kingine, na hatukupewa hata neno la pole. Ombi langu ni moja: kagueni mikanda na breki kabla ya kulipa. Mzunguko kamili pamoja na rasi ya Hambleton ni kama kilomita 37, na bila rasi ni kama 27. Kwa familia yenye watoto wadogo zote mbili ni nyingi, na rasi ina vilima vinavyochosha. Sisi tulikwenda kwa saa moja na nusu tukarudi, na hilo lilitosha. Chakula tulibeba wenyewe, chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, nami nashauri kila familia inayotafuta chakula cha halali ifanye hivyo.

Siku ya tatu ilikuwa bora kuliko zote. Upande wa kusini wa bwawa, kwenye hifadhi ya Lyndon, kuna banda la kuwatazamia osprey, ndege wa jamii ya tai ambao chakula chao karibu chote ni samaki. Walikuwa wametoweka Uingereza yenyewe (England, si Uskoti) kwa takriban miaka 150, mpaka mwaka 1996 walipoanza kuletwa hapa makinda kutoka Uskoti, na kinda la kwanza kuanguliwa Rutland lilipatikana mwaka 2001. Mzee mmoja anayejitolea pale alimshushia mwanangu darubini ya miguu mitatu mpaka kimo chake, akamwonyesha kiota kilichokuwa juu ya mlingoti. Tulingoja labda dakika 20 bila tukio. Kisha dume akaja akiwa na samaki. Alikuwa amemgeuza ndani ya makucha ili kichwa kitangulie, kama mtu anavyoshika mkuki, na maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mkia. Mwanangu hakupiga kelele. Alinishika mkono tu na kuukaza. Ndege hao hukaa hapo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Septemba, kisha huruka hadi Afrika Magharibi, hasa Senegali na Gambia. Bibi alifurahi sana kusikia kwamba nao husafiri kwenda Afrika.

Wapenda mambo ya kale watapenda pia kujua kwamba mwaka 2021, palipopunguzwa maji katika dimbwi moja la hifadhi ya Rutland Water, palionekana mifupa ya mnyama wa baharini wa kale, ichthyosaur, mwenye urefu wa takriban mita 10 na umri wa takriban miaka milioni 180. Na kijijini Wing, kando ya barabara, kuna njia ya kuzunguka-zunguka iliyochongwa kwenye nyasi, bure kabisa. Watoto waliikimbia hadi wakachoka.

Kasoro kubwa ya kaunti hii ni usafiri wa ndani kwa asiye na gari. Mabasi ya vijijini ni machache, na Jumapili tulilazimika kukodi teksi kutoka Oakham hadi Lyndon. Maegesho kandokando ya bwawa hulipiwa, na upepo wa pale hauheshimu mwezi wa Julai, kwa hiyo mchukulieni bibi sweta. Mama anarudi Mwanga mwanzoni mwa Septemba, nasi tumekwisha kukata tiketi za treni za wiki ya tatu ya Agosti, kabla makinda hayajaondoka, kwa sababu anataka kuwaona wakijaribu kuvua samaki wenyewe.