Premio miaka minne, Mark X miaka mitatu: uzoefu wangu Tabora

Mdogo wangu ana milioni 16 na anatafuta gari. Kila aliyemuuliza alimjibu neno moja: Premio. Kaniuliza na mimi, kwa sababu nimemiliki Premio miaka minne, na sasa natimiza mwaka wa tatu na Mark X, zote za Toyota. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona maneno yamekuwa mengi, bora niyaandike na wengine wayasome.

Mimi nauza asali. Mzigo unatangulia na fuso, nami nafuata na gari ndogo kuonana na wateja Singida na Dodoma. Ya Dodoma ndiyo inayonila: mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi. Tabora hadi Manyoni kupitia Itigi ni kilomita 264, ukiongeza za kufika Dodoma unakaribia 390. Tangu lami ya Nyahua hadi Chaya ikamilike, barabara hiyo unaipita kwa raha, pori kushoto na kulia.

Premio yangu ilikuwa ya toleo la kwanza lile, injini ya lita 1.5. Niliinunua milioni 14.5 mkononi mwa mtu, na baada ya miaka minne nikaiuza 12.5. Tangazo niliweka Jumatatu, Jumatano kadi ya gari ikawa mikononi mwa mwingine. Sikupata hata muda wa kuiosha vizuri. Sababu ya bei yake kukaa pale ni ya kawaida kabisa: injini ile, inayoitwa 1NZ, ndiyo iliyomo kwenye Toyota nyingine kama IST, Spacio, Runx na Probox. Ukiingia duka lolote la spea hapa mjini, unachotaka kipo kwenye shelfu, cha kwake au cha ndugu zake. Fundi yeyote ameshaifungua mara hamsini. Mnunuzi analipia huo utulivu.

Lakini kuiendesha mbali ilinichosha, lazima niseme ukweli. Mtu wa Tabora anayekwenda Singida kwa njia ya Nzega na Igunga anaujua mlima Sekenke. Nikiwa na Premio nilikuwa nakamata mkia wa lori la nafaka pale chini, nakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inalia, gia zake nne zinapanda na kushuka kama hazijui zikae wapi, na mwendo hauongezeki. Nafika juu mabega yamekaza.

Mark X niliyonunua ni ya lita 2.5, silinda sita, gia sita, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mara ya kwanza kupanda nayo Sekenke nilikuwa peke yangu, kama saa moja asubuhi. Kona zilipoisha na mbele kukawa kweupe, nikakanyaga kidogo tu. Ilishuka gia mbili kwa mpigo, ikachanganya, na lori likabaki kwenye kioo. Hakuna kelele, hakuna kutetemeka, usukani umetulia mkononi. Nilifika Singida nikaenda moja kwa moja kwa mteja, sikuhitaji kujinyoosha kwanza. Kwa mtu anayeishi barabarani kama mimi, hiyo ni afya. Na nisisitize, sizungumzii kukimbia. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wana tochi zao. Raha ninayoisema ni ya kupita lori kwa sekunde chache badala ya kukaa upande usio wako muda mrefu.

Sasa hesabu. Premio ilinishukia milioni 2 kwa miezi 48, yaani kama elfu 42 kwa mwezi. Mark X niliinunua milioni 15, na mwaka huu bei ya juu niliyopewa ni 9.5. Hiyo ni milioni 5.5 kwa miezi 36, kama elfu 153 kwa mwezi. Mafuta: safari ndefu Premio ilikuwa inanipa kilomita 14 kwa lita, hii inanipa 10. Kwenda Dodoma tu ni lita 28 dhidi ya 39. Ukiniwekea lita kwa 3,000, kila upande naongeza elfu 33, na kwa mwezi ni pande nne, elfu 132. Ukijumlisha na elfu 111 inayozidi kwenye kushuka kwa bei, raha yangu inanigharimu kama elfu 243 kila mwezi. Nimeipiga hesabu hiyo mara tatu. Bado nakubali kulipa, kwa sababu gari ndiyo ofisi yangu.

Kilichoniuma ni kingine, na hakimo kwenye hesabu hiyo. Mwezi wa pili mama aliugua, tukampeleka Mwanza, nikataka hela ya haraka. Nikasema nauza gari. Wiki ya kwanza simu mbili. Wiki ya tatu dalali akaniambia, "Mama, hii ni gari ya vijana, na vijana hawana hela." Aliyekuja na hela mkononi aliuliza maswali mawili tu, inakula kiasi gani na plagi zake zinapatikana wapi. Plagi ni sita, na spea zake nyingi naagiza Dar zinakuja na basi. Akaondoka. Wiki ya tano nikaacha, nikakopa kwenye kikoba chetu, na mama akatibiwa akapona.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya kuuza ni kitu gani. Ile tofauti ya milioni tatu, 12.5 dhidi ya 9.5, unaweza kuivumilia. Siku tatu dhidi ya wiki tano, wakati mgonjwa yuko wodini, haivumiliki. Premio ilikuwa akiba yangu bila mimi kujua. Mark X ni gari tu, na tangu mwezi ule naweka laki moja pembeni kwenye kikoba, mbali na hisa zangu za kawaida, kwa ajili ya siku kama ile.

Kwa anayeagiza Japani aongeze na hili: injini inayozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, ya chini yake hadi 1001 ni asilimia 5. Na zote mbili hazitengenezwi tena, Mark X iliishia 2019, Premio 2021.

Mdogo wangu ni muuguzi. Nyumbani hadi kazini ni kilomita sita, watoto wawili, mshahara mmoja, kikoba hana. Nilimpa Mark X aiendeshe hadi Nzega na kurudi, akashuka anacheka, akaniambia dada hii gari ni tamu. Nikamwambia ni tamu kweli, na wewe nunua Premio. Juzi amelipia moja ya rangi ya fedha, namba D, milioni 15.2. Mimi Alhamisi nina mzigo wa Singida.