Mafuta ya shea kwa ngozi iliyokaushwa na kemo: uzoefu wangu

Natibiwa saratani ya matiti hapa hospitali ya Mulago, Kampala. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na za ngozi zimo. Miundi ilipauka ikatoka magamba, visigino vikapasuka magaga, na usiku nilijikuna mpaka damu.

Losheni ya dukani yenye manukato iliniwasha kwenye mipasuko, na harufu yake ikanichefua. Aliyepitia kemo anajua pua inavyokuwa kali. Nikahamia Vaseline isiyo na harufu, kwa ushauri wa sista. Ni rahisi, inazuia unyevu usitoke, ila inanata, na kwa joto la Kampala mchana sikuivumilia.

Nilichobaki nacho ni mafuta ya shea, yatokanayo na kokwa za mti wa shea, ambayo mama mdogo hunitumia kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Shea ya kwetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi: unachota kwa kidole, inayeyuka kiganjani. Lakini wakati wa kupaka ndio unaoamua kila kitu. Naoga maji ya vuguvugu, haraka, kwa sabuni isiyo na manukato, najikausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha napaka papo hapo ngozi ikiwa bado na majimaji. Ikishakauka kabisa, mafuta yanakaa juu tu. Usiku napaka mengi miguuni na kuvaa soksi za pamba. Mwasho ndio uliotulia kwanza, halafu magamba. Magaga yalinisumbua muda mrefu zaidi, hadi daktari aliponiongezea krimu ya visigino yenye yurea, inayolainisha ngozi ngumu.

Kasoro zipo. Yaliyopikwa kienyeji yananuka moshi, kwa hiyo siku za kichefuchefu narudi kwenye Vaseline. Yanatia doa kwenye shuka. Yakiyeyuka kwa jua na kuganda tena yanakuwa na chembechembe, ingawa bado yanafaa. Hata hivyo nayapa nyota nne kati ya tano.

Krimu za kung'arisha ngozi zisikaribie mwili wako kipindi hiki. Kama unapigwa mionzi, sehemu ile usipake chochote kabla ya kuwauliza wanaokuhudumia. Na ukiwa kwenye capecitabine, ambayo ni kemo ya vidonge, viganja au nyayo zikawa nyekundu, zikavimba na kuuma, usingojee mafuta yafanye kazi. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo, maana huenda daktari akasimamisha dawa kwa muda au akapunguza dozi.