Kobe wa Changuu au Haller Park?

Ukitaka kobe wakubwa wa Aldabra tu, panda boti Mji Mkongwe, Zanzibar, uende kisiwa cha Changuu. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kutoka Ushelisheli, na leo unawapa majani mkononi, umri ukiwa umeandikwa kwa rangi kwenye gamba. Mnyama wa kutazama hasa ni huyo kobe. Kwangu anatosha kwa saa moja, si zaidi.

Haller Park, Bamburi, Mombasa, ina mengi: twiga, viboko, mamba, pofu, na kobe wa Aldabra pia. Hapo ndipo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipomganda kobe mzee aitwaye Mzee kana kwamba ni mamaye. (Mzee ni dume, lakini nani angemwambia?)

Ila kinachonivutia zaidi ni ardhi yenyewe. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu. René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipanda mivinje, kisha akaleta jongoo ili wale majani makavu ya miti hiyo hadi udongo ukapatikana. Twiga nitawaona Tsavo. Msitu uliotengenezwa na jongoo, wapi tena? Naichagua Bamburi.