Uzoefu wangu na pampu ya kuongeza presha: shawa imepona, ila nyumba ikaanza kutoa siri zake

Nianze na jibu maana najua wengine mnataka kujua tu ninunue au nisinunue. Nunua, ila hela ya pampu iweke pembeni na hela ya fundi na fitingi iweke pembeni nyingine, na kama inatosha moja tu basi subiri kwanza, kwa sababu pampu nzuri iliyofungwa hovyo bora ubaki na maji yako ya kudondoka.

Shida yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Tangi liko darini, bafu la juu liko karibu chini yake tu, sasa maji yanatoka kwenye shawa mpaka uyabembeleze. Mtu akifungua koki jikoni wewe huku juu na povu lako kichwani unasimama unasubiri. Mashine ya kufulia ndo usiseme, inakaa kujaza maji mpaka inachoka yenyewe inaandika kosa kwenye kioo inagoma. Nilikuwa naambiwa na kila mtu weka tangi kubwa zaidi, na hii naomba tuimalize hapa hapa, ukubwa wa tangi hauongezi presha hata kidogo. Kinacholeta presha ni kimo, yaani kutoka usawa wa maji ndani ya tangi mpaka pale maji yanapotokea, na kila mita 10 za kimo zinakupa kama bar 1 (bar ndo kipimo cha presha). Mimi kutoka tangini mpaka kichwa cha shawa ni kama mita 2, maana yake bar 0.2, na hizi shawa mpya pana za vitundu vidogo nyingi zinataka bar 1 hivi ndo zifanye kazi inavyotakiwa. Lita 500 au lita 5000, kama maji yako usawa ule ule presha ni ile ile. Unaweza kunyanyua tangi juu zaidi ndiyo, lakini kupata hiyo bar 1 uliyokosa unajenga mnara.

Kabla ya kutoa hela lakini, kuna vitu vya bure vya kuangalia. Fungua kile kichujio kidogo mdomoni mwa koki uone mchanga na magamba yaliyojaa humo. Kichwa cha shawa kiloweke kwenye siki usiku mzima, ile chokaa inaachia. Hakikisha valvu zote njiani zimefunguliwa mwisho, maana zile za kuzungusha za zamani huwa zinakatika ndani, unazungusha mkono unahisi imefunguka kumbe mlango wake umebaki chini. Halafu chukua ndoo ya lita 10 upime na saa ya simu inajaa kwa muda gani, koki kwa koki. Ikiwa koki moja tu ndo mbovu na nyingine zote ziko poa basi tatizo ni hiyo koki au paipu yake, pampu huihitaji. Kwangu bafu lote la juu lilikuwa hoi, ndoo inapita dakika mbili.

Sasa dukani utakuta aina kama tatu. Kuna zile ndogo za kufungwa katikati ya paipu, zimetulia, hazina kelele, zinawaka zikihisi maji yanapita. Nzuri kwa bafu moja, lakini zina ugonjwa wake, kama maji yako yanapita kidogo mno haziyahisi, haziwaki, na wewe ndo umezinunua kwa sababu maji yanapita kidogo. Kuna zenye kile kiboksi cha umeme juu yake kinachowasha na kuzima chenyewe, kinazima pia kama maji yameisha, hicho ni kizuri ila kikifa mafundi wengi hawakitengenezi, wanakubadilishia tu. Halafu kuna za mtindo wa zamani, swichi ya presha ya kawaida na kale katangi kadogo ka presha pembeni. Mie nilichukua hii ya mwisho, nusu farasi, wati 370, na katangi ka lita 24, kwa sababu swichi yake fundi yeyote anaijua na ikiungua kubadilisha ni dakika chache. Brandi sitaitaja, sidhani ndo iliyoleta tofauti.

Kitu kimoja kuhusu ile plet ya pampu, kile kibati cha maelezo kilichobandikwa juu yake. Imeandikwa kimo mita 35 na maji lita 40 kwa dakika, na muuzaji anakusomea zote mbili kwa pamoja kama vile unapata zote mbili kwa pamoja. Hupati. Zile mita 35 ni pale ambapo maji hayatoki kabisa, na zile lita 40 ni pale ambapo hakuna mzigo wowote. Kwenye maisha ya kawaida uko katikati, kwa hiyo kama una mabafu mawili yanayotumika saa moja asubuhi kwa wakati mmoja usinunue kwa kuangalia namba kubwa, omba ule mchoro wa mstari uliopinda kwenye kijitabu chake, angalia pale ukitaka mita 10 au 15 inakupa lita ngapi. Kwangu inatosha shawa moja na koki moja ya jikoni bila kugombana. Shawa mbili zinaenda ila unasikia mwenzako amefungua.

Tuje kwenye ufungaji, hapa ndo penye maneno. Fundi wa kwanza alikata paipu, akaipachika pampu katikati, akagandisha kila kitu kwa gundi, akaikalisha juu ya ubao mtupu darini akaondoka. Maji yalitoka kwa nguvu, familia nzima ikashangilia. Umeme ulipokatika tukagundua hatuna maji kabisa, tangi limejaa juu yetu na koki zote kavu, kwa sababu njia pekee ya maji ilikuwa kupita tumboni mwa pampu iliyozima, na kwa kapresha kangu kale ka bar 0.2 hakuna kitu kilichopenya cha maana. Na kelele, aisee. Ubao na dari vilikuwa vinapokea mtetemo vinaukuza, mtu akinawa mikono usiku nyumba nzima inajua.

Fundi wa pili ni mzee mmoja wa maneno machache. Alipanda, akaangalia, akashuka, akaniuliza, "Bosi, hii pampu siku moja itatoka hapa kwenda kutengenezwa. Sasa itatokaje?" Sikuwa na la kujibu. Akabomoa yote akaanza upya. Akaweka yunioni, yaani maungio ya nati yanayofunguka, na valvu ya kufungia (wenyewe wanaiita ball valve) pande zote mbili, ili ukitaka kuitoa unafunga, unalegeza nati mbili, unainyanyua unaondoka nayo. Akaweka paipu ya pembeni inayoizunguka pampu, na kwenye hiyo paipu akaweka nonriteni, ile valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, kwa hiyo umeme ukikatika maji yanapita pembeni kwa uzito wake kama zamani, na pampu ikiwaka ile nonriteni inajifunga ili maji yasizunguke yakarudi pale pale. Akaongeza chujio kabla ya pampu, maana hizi pampu ndogo panga lake, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, limebanana sana na kava, mchanga kidogo tu unalila. Akatumia hozi za kunyumbulika badala ya paipu ngumu pale karibu na pampu, na mpira mnene chini, kelele ikapungua kweli kweli. Haijaisha, ukilala chumba cha chini yake unaisikia, lakini sasa ni mngurumo tu.

La mwisho aliweka floti ya umeme ndani ya tangi inayokata pampu maji yakifika chini. Hii msiiruke kama pampu yako haina kinga ya kukimbia kavu. Ile sili ya ndani inayozuia maji yasivuje inapoozwa na maji hayo hayo, ikizunguka bila maji inaungua haraka, halafu utakuja kulaumu kiwanda, na dhamana nyingi hazilipii hilo. Umeme nao aliupa breka yake peke yake, waya wa ethi ukafika kweli mwisho, na breka ile ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Maji, chuma na umeme viko sehemu moja, na mnaoga hapo, sioni pa kubana hela hapo.

Basi nikadhani yamekwisha. Usiku ule pampu ikaanza kuwaka yenyewe, hakuna aliyefungua koki. Inawaka kidogo, inazima, baada ya muda tena. Nikampigia mzee, akasema pampu haina shida, kuna mahali maji yanatoka na wewe hujui. Tukatia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, tukaacha bila kuflashi kama nusu saa, rangi ikatokea kwenye bakuli. Mpira wa chini ulikuwa umechoka, unavujisha kidogo kidogo miaka yote na hakuna aliyejua kwa sababu zamani hakukuwa na kitu cha kupiga kelele. Tukabadilisha mpira, kimya. Kwa hiyo kama yako inawaka usiku usikimbilie kurudisha dukani, tembea na tochi kwanza.

Haikuishia hapo. Hozi zile za kusuka chini ya sinki la jikoni, ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa lini, zikaanza kutoa jasho kwenye maungio. Valvu ya pembeni ya besini ikaanza kutoa tone kwenye shingo. Choo kingine kikawa kinajaza kwa mlio wa filimbi. Vyote hivi vilikuwa vibovu tayari, presha ndogo ndo ilikuwa inavifichia aibu. Hela iliyoenda huko ilinishangaza kuliko bei ya pampu yenyewe, ndo maana nawaambia tengeni. Fundi akashauri tusiipandishe swichi, tuiache ilivyotoka kiwandani, kuwasha kwenye bar 1.4 na kuzima 2.8, maana nyumba yenye paipu za umri huu kuipa zaidi ya hapo ni kutafuta mafuriko. Na choo cha filimbi akakibana kidogo kwenye valvu ya ukutani, kikanyamaza.

Matunzo. Kale katangi ka presha kana hewa upande mmoja na maji upande mwingine, katikati kuna mpira. Hewa ikipungua utaona dalili, unafungua koki pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima harakaharaka kama taa ya indiketa, na hiyo ndo inaua swichi na mota. Unazima umeme, unafungua koki mpaka maji yaishe presha, unapima kwa kile kipimo cha matairi kwenye kipua chake. Inatakiwa iwe chini kidogo ya presha ya kuwasha, kwa hiyo kama inawasha 1.4 weka 1.2 hivi. Pampu ya baiskeli inatosha kujazia. Maji yakitoka kwenye hicho kipua badala ya hewa, mpira umepasuka, hapo nunua mwingine.

Jingine, tuliposafiri muda mrefu tukarudi tukaikuta inanguruma tu haizunguki. Ukisikia hivyo zima haraka, ikiendelea kunguruma inachoma koili. Kwangu panga lilikuwa limeshika kutu na kava. Umeme ukiwa umezimwa kabisa, unaingiza bisibisi nyuma kwenye feni, ncha ya shafti huwa na mfereji, unaizungusha kwa mkono mpaka iachie. Iliachia, ikawaka. Kama shafti inazunguka vizuri kwa mkono na bado inanguruma, mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza, au umeme wako uko chini mno.

Malalamiko yangu ya kweli ni mawili. Kelele nimeshasema. La pili ni matumizi ya maji, hili hakuna muuzaji anayekwambia. Shawa ikiwa tamu watu hawatoki. Tangi lililokuwa linatufikisha sasa linaisha mapema, imebidi nianze kugonga mlango wa bafu. Umeme wala sio tishio, hata ukihesabu inakula wati 600 (zile 370 ni nguvu inayotoa, umeme inaovuta ni zaidi) na ikafanya kazi nusu saa nzima kwa siku hiyo ni uniti 0.3 tu. Hita ndo inayokula, na hita nayo sasa inapitisha maji ya moto mengi zaidi, jumlisha mwenyewe.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikuifunga moja kwa moja kwenye laini ya maji ya mtaani nikaachana na tangi. Sehemu nyingi mamlaka za maji zinakataza, na sababu ipo, pampu inavuta laini mpaka inanyonya na uchafu wa nje pale paipu ilipopasuka, na majirani unawakausha. Vuta kutoka kwenye tangi lako.

Nyota: pampu nne kwa tano, moja nimekata kwa kelele. Fundi wa kwanza moja, na hiyo ni kwa sababu alikuja kwa wakati. Mzee tano, ila kumpata inabidi upange foleni. Ningekuwa nafunga leo ningeitoa darini niishushe nje kwenye kibanda chenye kivuli, paipu ingekuwa ndefu zaidi kidogo lakini watu wangelala, na nikipata nafasi nitamwita tuihamishe, yunioni zipo.